Mfereji Unaojua Watu

Jumatatu, 4 Agosti

Wakwe wanakuja Jumamosi! Muriuki wa Ayuma wangu analeta mama yake kutoka Murang'a aje atuone. Si kila mtu anapata mkwe wa ofisini, mwenye gari, na bado anainamisha kichwa akikusalimia. Lakini pia si kila mtu amezaa Ayuma. Diploma ya maabara! Anapima damu za watu wakubwa wakubwa. Mimi nilijua tangu akiwa darasa la pili, vile alikuwa anachunguza chawa kwa makini.

Sasa swali. Huyo mama akiingia hapa Komarock ataona nini? Viti ni vilevile. Vitambaa vya viti nimefuma kwa mkono wangu, sawa, lakini vitambaa kila mtu anavyo. Mama Jacklyne wa nyumba inayotazamana na yetu alipopokea wakwe wake mwezi wa nne alikuwa na kapeti jipya, na mpaka leo kila tukikaa chama lazima kwanza tutembezwe juu ya hilo kapeti kwa maneno.

Leo nilikuwa kwa Sabrin kusukwa. Akanionyesha video kwa simu. Mwanamke anakanda unga, mikono imejaa unga mpaka kwenye kiwiko. Anagusa mfereji na kiwiko. Maji hayo! Anagusa tena. Maji kimya! Hazungushi kitu, hashiki kitu. Nikamwambia Sabrin arudishe. Akarudisha mpaka bando ikaisha, na nywele zangu upande mmoja zikabaki hivyohivyo.

Nimeamua. Mama Muriuki atanawa kwa kugusa.

Watu wataniona nina maringo. Hawajui. Mimi nimekulia Makongeni, nyumba za reli, mfereji mmoja nje, laini nzima tunagombania na ndoo. Marehemu mama yangu alipigwa kiwiko na majirani kwa sababu ya maji miaka yote. Sasa mjukuu wake atanawa na hicho kiwiko. Mungu hasahau.

Nimemwambia Baba Ayuma. Ameuliza kama mfereji tulio nao umekataa kufunguka. Huyu mwanaume ni mzuri, ana kazi ya kiwanda, lakini maono hana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda town. Duka zima ni mifereji! Nilisimama mlangoni kama mtu ameingia kanisa geni. Muuzaji anaitwa Naftaly, kijana mpole, lakini anauliza maswali mengi kuliko karani wa sensa.

Kwanza akanionyesha ule wa kupungia mkono. Hugusi, unapitisha mkono mbele yake tu, maji yanatoka. Akasema huo hausumbui. Nikakataa papo hapo. Mkwe ndio anafika, hajala hata kipande cha kuku, tayari unamwambia apunge mkono kama anayeaga? Naftaly akaurudisha kwenye rafu. Nafikiri hakuwa amewahi kuliona jambo hilo hivyo.

Tukaenda kwa mifereji ya kugusa. Upo mweusi. Ni wa msiba. Upo wa fedha. Huo hata hospitali wanao. Halafu nikauona. Rangi ya dhahabu! Shingo ndefu imepinda kama ya korongo anayejua ni mrembo. Nikaugusa. Nikaugusa tena kwa kiwiko. Nikaugusa kwa mgongo wa mkono, na pete yangu ya ndoa ikalia ting! Naftaly akaniambia mama, huo wa kuonyeshwa hauna maji.

Akauliza tangi letu liko juu kiasi gani. Nikasema juu kabisa. Akauliza kama tuna maji kila siku. Nikamjibu sisi ni watu wa Komarock, si watu wa jangwani. (Maji ya mgao hutufikia Jumanne na Ijumaa na kujaza tangi. Hiyo ni karibu kila siku.) Akauliza sinki yetu ni ya nini. Nikasema ya kung'aa. Basi akatoa kiduara cha plastiki kutoka kwenye boksi, akaniambia hiki kisipotee, kikae katikati ya mfereji na sinki, bila hiki sinki nzima itakuwa ni mfereji. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa naangalia ile shingo.

Bei sitaandika hapa, kwa sababu Baba Ayuma anajua kusoma. Mapazia mapya yatangoja.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi Wesonga alikuja kufunga. Huyu tunaimba naye kwaya, yeye ni besi. Nilimuuliza kama amewahi kuona mfereji wa kugusa. Akacheka kwa besi. Akasema amefunga mingi, kule kwa matajiri, Karen na Runda, mpaka amechoka kuiona. Halafu akafungua boksi upande wa chini na kila kitu kikamwangukia miguuni.

Maelezo yaliyokuja ndani hakuyasoma. Alisema hayo ni ya wasiojua.

Alipomaliza kilibaki kile kiduara cha plastiki. Nikamuuliza. Akasema kampuni nzuri huwa zinaweka spea. Nikafurahi sana. Nimekitia funguo za kabati la vyombo, kinapendeza.

Akatia betri chini ya sinki. Akaniambia mama, gusa. Nikagusa.

MAJI!

Nikagusa tena. Kimya. Nikapiga kigelegele, Wesonga akaingia na besi, Baba Ayuma akatoka chooni mbio akidhani kuna moto.

Sasa sikiliza. Nikaweka mkono kwenye sinki, si kwenye mfereji, kwenye sinki tu, niegemee kwa furaha. Maji yakatoka! Nikaweka sufuria. Maji! Nikafuta ukingo na kitambaa kibichi. Maji! Nikamtazama Wesonga. Akajikuna shingo, akasema hii ni ile modeli ya juu, inamhisi mwenye nyumba hata kabla ya kuigusa. Nilijua tu! Ile shingo haikuwa ya kawaida.

Jioni nilichukua jagi na beseni la kunawishia wageni, lile la maua, nikampelekea Mama Jacklyne. Nikamwambia hapa kwetu tumetoka huko, lakini yeye bado litamfaa. Alipokea kwa mikono miwili, na uso wa mtu aliyepewa bahasha ya mchango wa mazishi.

Baba Ayuma ameharibu chakula cha jioni. Ameuliza hao wageni watanawia wapi. Nikasema kwa mfereji, jikoni. Akaweka kijiko chini. Akasema tangu lini mkwe akaingia jikoni kwa mama mkwe? Kwetu mkwe hata mkono hampi mama mkwe, anasalimia kwa mbali, sasa mimi nataka nimpitishe Muriuki katikati ya sufuria zangu? Mababu watafufuka wakatae chakula!

Ni kweli. Sikuwa nimefikiria hapo.

Baadaye. Nimefikiria. Nitatundika shuka kati ya sinki na meko. Upande wa meko ni jikoni. Upande wa sinki si jikoni tena, ni chumba cha kunawia. Baba Ayuma ameambiwa hivyo. Amelala na viatu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama Jacklyne amekuja "kuomba chumvi". Chumvi! Mtu aliyejaza kabati! Nikamkaribisha kwenye chumba cha kunawia. Nikamwambia aguse.

Sasa huyu amebandika kucha. Ndefu, nyekundu, zimepinda mbele. Hakugusa kwa kidole. Alidonoa mfereji wangu kwa ncha ya kucha, kama mtu anayegusa panya aone kama amekufa. Hakuna kitu. Akadonoa tena. Hakuna. Akasema taratibu kwamba labda mfereji ni wa maonyesho.

Nikanyoosha kidole changu kimoja tu. Maji yakamwagika kama mvua ya Kakamega!

Na Mungu anisamehe, neno likanitoka. Nikasema, mfereji huu unajua watu.

Mama Jacklyne akatoka bila chumvi.

Saa za chakula cha mchana kila mtu kwenye korti yetu, hizi nyumba zinazotazamana, alikuwa amesikia kwamba mfereji wa Mama Ayuma unapima roho. Mimi sikusema unapima roho. Lakini pia sikukataa, watu wakija kwako kwa heshima huwezi kuwasahihisha mlangoni.

Wa kwanza alikuwa Aluoch anayeuza omena kwenye geti. Alifunga macho, akagusa, maji yakatoka pwaa! Akaruka, akasema hata mama mkwe wake aje aone. Akaja mke wa mchungaji, eti anapita tu. Maji. Alienda akitabasamu kama aliyepewa cheti. Halafu baba mmoja wa nyumba za nyuma, ameletwa na bibi yake, amevaa koti zito la kazi. Akagusa kwa kiwiko juu ya koti. Kimya. Akagusa tena. Kimya! Bibi yake akamuuliza hapo hapo mbele yetu ile mikesha ya kanisa huwa inafanyika wapi hasa. Walitoka wakiwa hawaongei. Sijui waliendelea vipi. Nitauliza.

Foleni ilifika nje. Nilipika chai. Tangu nije Komarock sijawahi kupendwa hivi.

Ijumaa, 8 Agosti

Watu wanazidi. Leo wametoka mpaka Dandora, binamu za Aluoch, wamevaa kama wanaenda harusi. Kila mmoja anataka kugusa mara mbili, ya kwanza ya kupimwa, ya pili ya kupigwa picha. Maji yanamwagika tu. Nimewaachia. Mtu akifurahia usafi wa roho yake utamwambia funga mfereji?

Maji ya mgao hayakuja leo. Baba Ayuma alipanda juu akapiga tangi ngumi. Lililia kama ngoma. Akaniita nisikie. Nikamwambia tangi likilia hivyo lina afya. Maji yatakuja tu, Ijumaa ni siku yetu.

Ayuma amenipigia simu akiwa kazini. Hakusalimia vizuri. Amesema wenzake wa maabara wamemuuliza kama ni mama yake yule mwenye mfereji wa kupima watu. Nikamwambia eeh, wakaribie wote! Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwa ameniambia. Mama Muriuki hana shida na kabila wala diploma. Anaogopa tu kijana wake asioe kwa watu wa maringo. Ashawahi kuvunja uchumba mmoja wa Muriuki kwa sababu alikokwenda alionyeshwa nyumba mpaka wenyeji wakasahau kumuuliza jina. Anakuja kuangalia hilo. Akiona maringo, atakunywa chai, ataaga vizuri, na itakuwa imeisha. Ayuma akasema haki mum, nawishia mgeni kwa jagi tu. Please. Sauti yake ilikuwa kama ya zamani, akiwa na homa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Maringo ni ya watu wasio na kitu. Mimi nitakuwa mnyenyekevu kabisa. Nitamwonyesha mfereji kwa kifupi.

Kuhusu jagi sikumwambia liko wapi. Ana mambo mengi mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, miguu juu. Ngoja nianze mwanzo.

Walifika. Muriuki akanisalimia kwa mbali, mikono nyuma, Ayuma alikuwa amemfunza. Mama yake anaitwa Waringa. Mwanamke mdogo, kitambaa kichwani, kiondo kimejaa nduma zenye udongo wa shamba bado. Akauliza jina langu kabla hajakaa. Akauliza na la marehemu mama yangu. Nikampenda. Nikajua huyu anastahili mfereji.

Kuku alikuwa tayari, ugali umesimama kama mlima, chapati za wageni ziko kando. Wakati wa kunawa ukafika. Nikasimama. Nikasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba hapa tuna kitu kidogo tu cha dhahabu ningependa mkwe aone. Ayuma alifunga macho. Muriuki alifika kwenye mlango wa jikoni akasimama kama ng'ombe mbele ya daraja, akakataa kuingia. Mama Waringa akaingia peke yake. Madirisha yote ya majirani yalikuwa na vichwa.

Akaweka kiganja chote juu ya ile shingo. Vizuri kabisa, bila kudonoa.

Mfereji ukakohoa. Ukakohoa tena kama kifua cha Baba Ayuma mwezi wa saba. Tone moja likatoka. Likaanguka. Basi.

Na nyuma ya shuka Aluoch, ambaye nilimwita anisaidie na meko, mtu ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akasema kwa sauti: Uwi! Umemkataa!

Mama Waringa akauliza nani amekataliwa. Nikajaribu kusema ni tangi. Lakini Aluoch alikuwa ashatoa kichwa, anamweleza mgeni wangu kwa upole, kama daktari, kwamba mfereji huu unajua watu, wenye roho safi wanapata maji, lakini asijali, hata kuna baba mmoja wa nyuma ulimkataa na bado anaishi.

Yule mama akarudisha mkono wake. Akauangalia. Akasema polepole kwamba mkono huo umechuma majani chai miaka yake yote na umelea watoto watano bila baba, na haujawahi kukataliwa na maji. Halafu akamwita Muriuki akamwambia alete gari karibu na mlango.

Muriuki akatoa funguo mfukoni. Nilimwona Ayuma wangu amesimama kando ya televisheni, ameshika ukingo wa gauni lake jipya na mikono yote miwili. Hakulia. Afadhali angelia.

Nikagusa mfereji. Hakuna. Nikagusa kwa kiwiko, nikagusa sinki, nikaipiga kofi. Hakuna! Mimi! Nyumbani kwangu! Nikasema, wacha, mama Waringa, ona, hata mimi umenikataa. Sauti yangu ilitoka ndogo, sikuitambua.

Hapo Ayuma akakimbia dirishani akaita Mama Jacklyne. Hakuhitaji kuita mara mbili, alikuwa kwa dirisha lake tangu asubuhi. Akavuka korti. Jagi langu mkononi, beseni langu la maua chini ya kwapa, taulo begani, na maji ya uvuguvugu! Alikuwa amepasha kabisa, anangoja! Akasema karibu mama, hapa Komarock mgeni ananawishwa, hajinawishi. Na akanitazama akisema hilo.

Ayuma akamchukulia jagi. Akapiga goti kidogo, vile mama yangu alinifunza mimi na mimi nikamfunza yeye, akamwagia mama wa watu maji mikononi. Taratibu, bila kumwaga hata tone nje ya beseni. Mama Waringa akanawa. Hakuwa anaangalia mikono, alikuwa anamwangalia Ayuma. Akafuta vizuri, kidole kwa kidole.

Halafu akachukua jagi. Akaniambia nilete mikono. Nikasema hapana, mgeni hawezi. Akasema lete. Akanimwagia maji yeye mwenyewe, na akasema: mfereji umenikataa mimi, umekukataa na wewe, basi sisi wawili tuna roho mbaya sawasawa, tutaelewana.

Nyumba nzima ikacheka. Muriuki akacheka mpaka akakaa kwa kiti cha Baba Ayuma bila kujua. Funguo za gari zikarudi mfukoni. Tukala. Alikula ugali, akaomba mwingine. Wakati wa kuondoka aliniita mkwe.

Jumapili, 10 Agosti

Maji ya mgao yamekuja! Yamekuja alfajiri, sisi tumelala, na baada ya makofi yote ya jana inaonekana mfereji ulibaki wazi. Tumeamka jikoni ni ziwa. Chumba cha kunawia pia. Viatu vya Baba Ayuma vimetoka vyenyewe mpaka mlangoni. Anapiga deki sasa, amekunja suruali, na anaimba wimbo ambao si wa kanisa. Mimi nimefurahi. Nimemwambia umetusamehe.

Kwa sababu nimelala nikifikiria, na nimeelewa. Kama mfereji ungetoa maji jana, Mama Waringa angenawa, angekaa, angekula, angeaga. Hangeona Ayuma akipiga goti. Hangenimwagia maji. Hangeniita mkwe. Mfereji ulijua! Ulikataa kwa sababu zake. Baba Ayuma anasema ulikataa kwa sababu tangi lilikuwa tupu. Ndio hivyo watu wa kiwanda wanavyofikiri.

Nilienda kudai jagi na beseni. Mama Jacklyne alifungua mlango nusu. Amesema hawezi kunirudishia, jagi linajua watu. Na leo kanisani hakuna aliyeniuliza habari ya mfereji, wote wanazungumzia yale maji ya uvuguvugu! Uvuguvugu wa sufuria! Sawa. Ajaribu.

Mwezi ujao ni zamu yetu kwenda Murang'a. Siwezi kwenda mikono mitupu kwa mkwe wangu. Nimemtumia Naftaly ujumbe aniwekee mwingine, dhahabu hiyohiyo, shingo hiyohiyo. Viti vilivyochakaa vitangoja.

Ayuma ameandika sasa hivi. Anasema kwa Mama Waringa maji yanatekwa mtoni, nyumbani hakuna bomba hata moja.

Hiyo ni kazi ya fundi. Nimempigia Wesonga. Anasema isiyo na bomba amefunga mingi.